Mwalimu Aliyeombea Sare

Mwalimu Gaudencia hakuwa mtu wa mpira. Timu ya wasichana ilimwangukia mikononi kwa sababu mwalimu aliyekuwa nayo alikwenda likizo ya kujifungua, na siku hiyo, katika chumba cha walimu, macho yote yakamgeukia yeye, asiye na mume wa kumsubiri nyumbani wala mtoto wa kulaza usingizi. Akakubali, na mwenye timu aliporudi hakuidai tena. Alikuwa akifundisha Kiswahili na somo la dini katika shule ya kutwa iliyo juu ya kilima, kupita soko la Mukurweini, na alikwisha kuzoea kupewa vitu ambavyo wenzake hawakuvitaka: zamu ya Jumamosi, ufunguo wa stoo, kwaya ya kwenda mazishini.

Kwao kulikuwa Butula, kule Busia. Kazi ilimleta huku akiwa bado msichana, akajiambia atavumilia baridi miaka miwili mitatu kisha aombe kurudi. Sasa alikuwa amegonga hamsini. Ndoa ilimpita vile mvua inavyoweza kunyesha kwa jirani ikaliacha shamba lako kavu. Hakukuwa na sababu ambayo mtu angeweza kuitaja. Alikuwa amejifunza kuponda mukimo wa viazi na mahindi, kuvaa sweta mbili mwezi wa Julai, na kuitikia salamu za akina mama wa sokoni kwa Kikuyu chenye lafudhi iliyowachekesha. Watu walimpenda. Lakini jioni, akishafunga mlango wa nyumba yake ya kupanga, hakukuwa na wa kumuuliza siku yake ilikuwaje.

Kipa wa timu aliitwa Kabura. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu kama mgomba, mwenye mikono iliyoudaka mpira kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Baba yake, Wamae, alikuwa mfugaji. Alikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa, kahawa kidogo, na ndizi upande wa mtoni. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo Wamae hakukosa mechi hata moja. Timu ikipanda basi la kukodi, yeye alifuata nyuma na pikapu yake kuukuu, amebeba nyavu, mipira na gunia la machungwa.

Uwanjani alikuja kuketi kando ya Gaudencia, akasema, "Habari, Mwarimu," na huo ukawa ndio mwisho wa mazungumzo. Mechi nzima hakupepesa macho. Kabura akiruka, mabega yake nayo yaliruka. Kipenga cha mwisho kikishalia alilitazama jua, akanyanyuka, akasema, "Ng'ombe inaningoja, Mwarimu," na kabla wasichana hawajamaliza kuvua viatu pikapu ilikuwa imeshapotelea barabarani.

Ng'ombe inaningoja. Katika daftari la mwanafunzi, Gaudencia angelipigia sentensi hiyo mstari mwekundu. Kwa Wamae aliiacha kama ilivyo. Baadaye alijikuta akiisema peke yake jikoni, akiwasha jiko, na akajionea haya.

Mambo yalianzia Othaya, mwaka uliopita. Kulikuwa na mashindano yaliyoitwa Kombe la Mlima, yaliyozikutanisha shule za pande zote za Mlima Kenya siku za Jumamosi, na timu ya Mukurweini ilikuwa imekwenda kucheza kwenye uwanja ulioinama, wenye majani ya chai mpaka kwenye mstari wa kona. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Dakika zote zilikwisha pasipo bao. Refa akawaita manahodha katikati, wasichana wakaketi kwenye matope wakinyooshwa misuli, na Gaudencia, ambaye hakujua kinachoendelea, akauliza kama wanakwenda nyumbani.

"Bado," Wamae akamwambia. "Ati wanaongeza dakika. Na ikikataa tena, ni penalti."

Neno penalti alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. Kisha akafanya jambo ambalo Gaudencia hakulitarajia. Alisimama, akakigeuza kigoda chake, akaketi akiwa ameupa uwanja mgongo. Alieleza kwamba ile mechi ya kawaida anaweza kuiangalia kwa sababu mtoto akikosea bado iko nafasi ya kurekebisha. Hii ya kuongezwa haina nafasi. Kosa moja la kipa na kila mtu anakwenda nyumbani akijua ni la nani. Mama yake Kabura angeweza kuangalia. Yeye hakuwa na moyo huo.

"Wewe niambie," akasema. "Mimi nitasikia kwako."

Basi Gaudencia akamwambia. Mpira uko kwetu. Sasa uko kwao. Yule mfupi wetu ameanguka, amesimama. Na kwa kuwa macho ya Wamae yalihitaji pa kukaa, yalikaa usoni mwake, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa uso kwa uso na mwingine bila kusema neno, Wamae akaanza kumuuliza mambo. Kwenu kuko aje? Mvua inanyesha mwezi gani? Mama yuko hai? Gaudencia akamweleza habari za udongo mwekundu wa Butula, mihogo iliyoanikwa juu ya mawe, harufu ya dagaa wa omena sokoni, na mama yake aliyekuwa akiishi peke yake na kuku wake, aliyekataa kabisa kuhamia kwa mtoto yeyote. Wamae naye akamsimulia kwamba zamani mkewe ndiye aliyekuwa akienda kwenye mechi, yeye akibaki na ng'ombe. Mkewe alipofariki, alikuja mara ya kwanza ili Kabura asije akatupa jicho kando ya uwanja akaona pahali patupu.

Kelele zilipolipuka nyuma yake, hakugeuka. Aliutazama uso wa Gaudencia ili ajue ni nani amefunga, na alipouona ukifunguka, akacheka. Gaudencia hakuwa amewahi kumsikia akicheka.

Tangu siku hiyo Mwalimu Gaudencia akaanza kuombea sare.

Lilikuwa jambo la aibu, na hakumwambia mtu. Mtu mzima hovyo, alijisema. Timu ilishinda mechi iliyofuata kwa mabao manne bila jibu, shule nzima ikaimba kwenye basi, naye akapiga makofi akiwa na moyo mzito, maana Wamae alikuwa amesema maneno yake mawili matatu na kwenda zake. Kule Karatina wasichana wake waliongoza kwa bao moja mpaka karibu na mwisho, na Gaudencia akajikamata akitamani wale wengine wasawazishe. Jumapili yake alikaa kanisani kiti cha nyuma na kuomba msamaha, ingawa hakuwa na hakika Mungu hushughulika na mambo ya namna hiyo.

Muda wa ziada ulikuja kwa mara ya pili kule Sagana, mwanzoni mwa mwaka huu, joto likiwa kali na malori yakipiga honi kwenye barabara kuu. Wamae aligeuza kigoda chake hata kabla refa hajapuliza. Akaanza kumenya chungwa. Kisha, akitazama chungwa na si mtu, akamuuliza kama hajawahi kutaka mtu wake.

"Nilitaka," Gaudencia akasema. "Hakuja."

Wamae hakusema pole, wala hakumcheka. Alimpa nusu ya lile chungwa. Walipata bao, mechi ikaisha, na kwa mara ya kwanza Wamae alibaki ameketi baada ya kipenga, mikono magotini, kana kwamba amesahau kitu na anajaribu kukikumbuka. Kisha ng'ombe wakamwita.

Mwezi wa Mei ndugu yake Gaudencia, Maxwel, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alimpigia simu na kumwambia kuwa mama ameanguka akiteka maji kisimani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Majirani walikuwa wakimpikia kwa zamu, lakini majirani nao wana nyumba zao. Gaudencia alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi nyumbani mara nyingi hata akaacha kuuliza majibu. Safari hii aliomba na kujibiwa haraka: muhula ukifungwa, aende kufundisha shule ya karibu na kwao. Mwalimu mkuu alimpa mkono wa heri. Wenzake aliamua kuwaambia baadaye.

Kuhusu Wamae alijiwekea ahadi ya ajabu kidogo. Nusu fainali ya Kombe la Mlima ilikuwa ichezwe Nyeri mwezi wa Julai. Ikiwa sare, ikiwa wataongeza dakika na Wamae akaugeuzia uwanja mgongo, atamwambia. Isipokuwa hivyo, hakujua angefanya nini. Haikumjia kwamba angeweza kumpigia simu tu. Mtu hupewa mlango mmoja wa kupitia, akauzoea, akasahau kuwa nyumba ina milango mingine.

Asubuhi ya mechi, walipokuwa wakiingia mjini Nyeri, mlima ulijitokeza mweupe juu kabisa, kisha mawingu yakaufunika na baridi ikashuka mitaani. Wapinzani walikuwa wasichana wa Nanyuki. Mshambuliaji wao, Ramla, alikimbia kwa hatua fupi za haraka, kitambaa cha kichwani kimekazwa barabara, na mabeki wa Mukurweini walianza kumwogopa kabla hajagusa mpira. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aitwaye Abdikarim, mtu mnene mwenye koti refu, aliyekuja na chupa kubwa ya chai na vikombe vya kutosha kila aliyekuwa karibu naye. Aliketi kando ya Wamae, wakaanza habari za ng'ombe, bei ya nyasi, na ukame wa upande wa chini, wakaelewana kama watu waliosoma pamoja. Kisha akamimina chai, akanyoosha mkono kumpita Wamae.

"Mama Kabura, karibu chai," akasema.

Gaudencia alikipokea kikombe. Alingoja Wamae amsahihishe. Wamae aliangalia uwanja na kunywa chai yake. Naye Gaudencia, aliyekuwa amewasahihisha watu kwa zaidi ya miaka ishirini, akanywa ya kwake.

Ramla alifunga mapema. Mukurweini walisawazisha kipindi cha pili kwa kichwa kutoka kona, na baada ya hapo timu zote mbili ziliingiwa na woga, kila upande ukibutua mpira mbele bila mpango. Gaudencia alishika kikombe kilichokwisha kupoa. Kila mpira ulipokaribia lango, lolote kati ya yale mawili, moyo wake uliruka. Refa alipopuliza kipenga, Gaudencia alihema kwa nguvu hata Abdikarim akamwambia asihofu, ni watoto wanacheza tu.

Wamae aligeuza kigoda. Lakini mara hii hakungoja yeye aanze kusimulia.

"Mwarimu, leo ng'ombe itakamuliwa na Mutahi," akasema. Mutahi alikuwa jirani yake. "Nilimwambia jana. Mimi niko na jioni yote."

Gaudencia akamwambia mpira umeanza, uko kwao.

"Nataka ukuje nyumbani ukule na sisi. Mimi na wewe na Kabura. Na sio kama mwarimu." Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Hii maneno niko nayo tangu Sagana. Hata tangu Othaya. Mimi sijui kuiongea nikiangalia mpira, na mpira ikiisha wewe unakuwa na watoto wa watu."

Maneno aliyokuwa akiyangoja yalikuwa mbele yake, yamesemwa vibaya na vizuri kuliko yote aliyowahi kusoma, naye hakuweza kuyapokea kwa mikono miwili. Nyuma ya Wamae wasichana walikuwa wakikimbia. Aliona jezi za kijani na nyeupe zikipishana na hakutambua ni za nani.

"Nimepata uhamisho, Baba Kabura," akasema. "Narudi kwetu. Mama ameanguka, amevunjika nyonga."

Wamae aliikunja kofia mikononi.

"Shule ikifungwa," Gaudencia akaongeza, kwa kuwa alijua hilo ndilo swali. "Nilitaka kukuambia leo."

Mara wasichana wa Nanyuki wakapiga ukelele, na Abdikarim akainuka mzima mzima, chai ikamwagika kwenye koti. Kisha, akikumbuka alioketi nao, akaketi tena na kusema pole sana, majirani, pole. Wamae hakumsikia. Alikuwa bado anamtazama Gaudencia, na safari hii hakuwa akiusoma uso wake ili ajue ni nani aliyefunga.

"Kabura yuko sawa?" akauliza mwishowe.

Gaudencia akatazama. Kabura alikuwa amesimama katikati ya lango, akiufuta mpira kwa jezi yake. "Yuko sawa."

"Na mama yako? Anaamka?"

"Anaamka akishikwa. Usiku analia."

Wamae akatikisa kichwa polepole. Alisema mama ni mama. Alisema angekuwa na wake angekwenda pia, hata kwa miguu. Dakika zikapita, kisha Wamae akauliza mpira uko wapi.

"Sijui," Gaudencia akakiri. "Sikuwa nikiangalia."

Ni wanafunzi waliomjulisha. Walimwagika uwanjani wakikumbatiana, na ndipo akaelewa kuwa Mukurweini walikuwa wamesawazisha tena. Katika watu wote wa upande ule ni wao wawili tu waliobaki wameketi. Refa alipomaliza dakika zake na kuonyesha kwa kidole lango la kupigia penalti, Wamae alisimama, akavaa kofia, akakigeuza kigoda upande wa uwanja.

"Hii ya sasa lazima nione," akasema. "Yuko peke yake huko."

Akaangalia zote, macho wazi. Kabura alidaka mkwaju wa pili wa Nanyuki, akipaa mpaka kwenye pembe, na Wamae alitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Lakini wawili wa Mukurweini walikosa, mmoja akagonga mwamba, mwingine akapeleka juu ya watazamaji, na wa mwisho kupiga akawa Ramla. Kabura alikwenda upande mmoja na mpira ukaenda mwingine.

Jioni ile ambayo Wamae alikuwa ameitengea nafasi iliishia kwenye maegesho ya basi. Wasichana walilia kama waliofiwa. Gaudencia alizunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine, akifuta pua, akitafuta viatu vilivyopotea, akimshika bega yule aliyepiga juu, ambaye alikuwa amekataa kupanda basi. Wamae alikaa ndani ya pikapu na Kabura. Abdikarim alipita kuwaaga, akamwambia Kabura kwamba Ramla hajawahi kumwogopa kipa kama yeye, na akawakaribisha Nanyuki, Baba Kabura na Mama Kabura wote. Kabura aliinua macho mekundu akamtazama mwalimu wake, kisha baba yake.

Ni Kabura huyo aliyemwendea Gaudencia Jumatatu baada ya vipindi, akamwambia kwamba baba ameuliza kama Mwalimu anaweza kuja Jumapili.

Akaenda. Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, na chini yake migomba ikishuka mpaka mtoni. Kabura alikuwa amepika kuku na chapati, akiwa amevaa nguo ya kanisani chini ya aproni. Walikula. Walizungumza habari za shule, na za mwanamke aliyekuwa katika picha ukutani, ambaye Kabura alimtaja bila kujizuia na Wamae akamwachia amtaje. Baada ya chakula Wamae alimpeleka Gaudencia zizini akamtajia ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa aligeuza kichwa. Saa ya kukamua ilipofika alimpa kigoda aketi karibu, na maziwa yakaanza kuchuruzika ndooni. Hapo, akiwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, alimwambia kwamba hatamwomba abaki. Akimwomba na yeye akabaki, kila akiugua mama yake watatazamana vibaya. Lakini hataki ajue kwa kubahatisha: akija siku yoyote, nyumba ni hii.

Gaudencia alisema amesikia. Alitaka kusema zaidi ya hapo. Alichoweza ni kuuweka mkono wake mgongoni mwa Wamae, juu ya koti lililonuka maziwa na moshi, akauacha hapo mpaka ndoo ilipojaa.

Shule ilifungwa mwanzoni mwa Agosti. Vitu vya miaka yote hiyo vilienea nyuma ya pikapu na nafasi ikabaki. Wamae na Kabura walimfikisha Nyeri, kwenye basi, na Wamae akabishana na utingo juu ya mahali pa kuweka kitanda cha mwalimu. Walipeana mikono kama watu wa kamati. Basi lilipoondoka Gaudencia hakulia. Kilio kilikuja mbele, karibu na Nakuru, pasipo kumwomba ruhusa, na mama aliyeketi naye akampa leso bila kuuliza.

Mama yake alikuwa amekonda hata mwili ulibebeka kama kapu. Gaudencia alifundisha asubuhi, akarudi mchana kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko. Siku za kwanza mama alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa. Baadaye akili ilitulia na nguvu zikarudi kidogo, akawa anaweza kukaa nje kwenye jua na kuwasemesha kuku. Jioni simu ililia. Wamae hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu pia. Alimwambia nani amezaa zizini na kama kahawa imeiva, akamuuliza mama amekula nini. Kuna siku walinyamaza wote wawili mpaka salio likaisha, na hakuna aliyejuta.

Desemba, kahawa ilipokwisha kuchumwa, alikuja. Aliteremka Bumala, kituo cha karibu na kwao Gaudencia, akiwa amevaa suti ya harusi za watu, na mkungu wa ndizi begani, mtu wa kwanza kuleta ndizi Butula kutoka mbali hivyo. Alilala siku mbili katika nyumba ya Maxwel iliyokuwa tupu. Aliketi na mama, wakaongea, yeye Kiswahili chake, mama Kiluhya chake, Gaudencia akiwatafsiria mpaka akaona hawamhitaji. Mama aliishika mikono ya mgeni akaipapasa vidole mpaka viganjani, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Kisha akamwambia binti yake kwamba huyu mtu anafanya kazi, na kwamba kama amekuja kumwomba, yeye amekubali. Ila asidhani atambeba kwenda naye kwenye hiyo baridi. Yeye atazikwa hapa, kando ya mumewe.

Asubuhi ya kuondoka Gaudencia alimsindikiza Wamae mpaka barabarani. Umande ulikuwa haujakauka. Walisimama chini ya mkaratusi, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, Wamae alimshika mkono.

"Mimi sina haraka," akasema. "Kabura iko na mtihani mwaka ujao. Nitangoja."

"Unajua unangoja nini, Baba Kabura?"

Wamae aliangalia mbali, upande ambao gari lingetokea. "Najua," akasema. "Na sitaki ifike. Kila jioni naombea huyu mama. Halafu nalala, nakutaka."

"Mimi pia," Gaudencia akasema. Hakueleza ni lipi katika hayo mawili, maana yalikuwa yote.

Gari likaja, likasimama, likamchukua.

Aliporudi alimkuta mama ameamka, ameketi kitandani bila kusaidiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kuanguka. Aliuliza kama mgeni amepata gari. Akasema ana njaa, na hataki uji. Anataka ugali na yale mabaki ya kuku. Gaudencia akasonga ugali. Mama alikula, akamaliza, akaomba aongezewe, na Gaudencia akamwongezea akiwa na furaha ya kweli, isiyo na doa. Kisha akachukua sahani akaenda kuziosha nje. Zilikuwa sahani mbili tu na sufuria moja, lakini alikaa pale muda mrefu, maji yakipoa kwenye karai, mpaka mama akamwita kutoka ndani kuuliza kama kuna mtu amekuja.

"Hapana, mama," akasema. "Ni mimi."